Sahani ya Bibi Hesabu

Rujewa,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa kaka yangu Liberatus,

Kamwene, kaka. Habari za Kilolo na baridi yake? Wifi hajambo? Kifua cha Goodness kimepoa, au bado mnampaka mafuta ya nyonyo? Sisi hapa hatujambo, Mungu anasaidia. Mpunga umeshika vizuri, ila ndege ndio wanatutoa jasho, na cherehani yangu imekwenda kwa fundi mara ya pili mwezi huu. Mama anakula na analala. Siku akikumbuka kwamba uko Iringa anakusalimu. Siku akisahau ananiuliza kama umesharudi kutoka shule.

Najua utashangaa kuona barua mwaka huu. Simu yako inashika ukipanda mlimani tu, na mambo haya siwezi kuyapigia kelele uani wakati mama amekaa hatua tatu kutoka kwangu. Nimempa Isakwisa, kondakta wa basi la asubuhi, aiache pale dukani Ipogolo unaponunua dawa za kuku.

Kaka, mama anatembea. Tangu shule zifunguliwe Januari, kila asubuhi anachukua sahani ile ya bati ya bluu, anakwenda kusimama kwenye daraja la mfereji, pale watoto wanapopita. Anawagusa vichwani. "Wa kwanza. Wa pili." Kisha anasimama, anawaangalia mmoja mmoja, anauliza, "Wa tatu yuko wapi?" Basi. Hampigi mtu wala hamtukani mtu. Nikimfuata nikamshika mkono anarudi nami bila ubishi.

Mimi na wewe tunajua anamtafuta nani. Mdogo wetu Tadeo sasa ni miaka ishirini na saba tangu achukuliwe na mfereji huohuo, na mama hajamaliza kuhesabu. Nilidhani watu watamhurumia. Kumbe wanamwogopa, na wanaomwogopa si watoto. Watoto wanacheka, wengine wanampa salamu. Wanaoogopa ni baba zao, watu wa umri wangu, watu wenye ndevu. Wamempa jina la Bibi Hesabu.

Nikauliza Bibi Hesabu ndiye nani. Wakanishangaa. Ni zimwi, wanasema, la kwenye mkanda wa video mliokuwa mkionyesha kibandani kwa Sosthenes mwaka 1999. Mimi mwaka huo nilikuwa Iyunga kwa shangazi, nimepelekwa baada ya msiba, kwa hiyo sikuliona. Lakini wewe ndiye uliyekuwa unakaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, unawaambia watu kwa Kiswahili wale Wachina wanasema nini. Ukija Krismasi ulikuwa unanisimulia mazimwi yote mpaka nashindwa kwenda chooni peke yangu. Jitu la kwenye friji nalikumbuka. Yule maiti anayepiga hodi kwa kucha nalikumbuka jina lake mpaka leo. Bibi Hesabu hukunisimulia hata siku moja.

Niambie basi. Lilikuwaje hilo, na lilikuwa linawafanya nini watoto? Nikiuliza hapa watu wananyamaza, na ukimya wao siupendi. Mama anaishi peke yake nyumba ya jirani na wanaomnyamazia.

Mdogo wako,
Matilda


Kilolo,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Kwa mdogo wangu mpendwa Matilda,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya samaki, sijui Isakwisa aliibebea wapi. Sisi wazima. Goodness amepona, sasa anakohoa mama yake. Viazi vinaendelea vizuri na kanisani tunapaua, kwa hiyo mwinjilisti wako siku hizi ana mikono ya fundi.

Umenichekesha na mazimwi. Unajua jitu la kwenye friji lilikuwa linasema nini hasa kwa lugha yao? Hata mimi sijui! Sikujua Kichina wala Kikorea wala Kihindi, mdogo wangu. Nilikuwa naangalia midomo, naangalia nani kakasirika, natunga. Watu waliamini kabisa. Mzee Ezekia wa pampu alinijia na karatasi ya maelekezo ya Kichina nimsomee, nikamsomea, na pampu ikawaka. Mpaka leo sielewi iliwakaje.

Yule mwenye mdomo kisogoni, unamkumbuka? Nilimpa sauti ya mwalimu wetu wa Hisabati, watoto wakawa wanatoroka vipindi vyake. Tulikuwa tunaingia saa nane mchana baada ya kanisa, jenereta linanguruma, watoto mia wamebanana kwenye magogo, na ndani ya dakika tano hakuna anayepumua. Nisamehe, lakini zilikuwa siku nzuri.

Hilo Bibi Hesabu silikumbuki vizuri. Nilitafsiri mikanda zaidi ya mia tatu. Nadhani lilikuwa la Chimala, huko nako walikuwa na kibanda na mtafsiri wao. Watu wazima kuogopa video ni jambo la kuchekesha, waambie nimesema hivyo. Mwambie mchungaji apite kumwombea mama, na wewe ulale kwake siku mbili tatu watu waone hayuko peke yake. Nimetuma sweta lake kwa basi, la kijani, alipendalo.

Na hiyo sahani ya bluu usimwachie. Ifiche kabisa.

Kaka yako,
Liberatus


Rujewa,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Kaka Liberatus,

Shikamoo. Sweta limefika, mama amelivaa kwenye joto hili na hataki kulivua. Nawasalimu wote nyumbani. Leo sitaandika mengi ya salamu, nivumilie.

Mtoto wa Nkuba anaumwa. Mbuke, wa miaka mitano, yule mdogo kabisa. Ijumaa mama alimgusa kichwani pale darajani akamwambia "wa pili". Jumatatu mtoto akashikwa na degedege. Wamempeleka hospitali, na kutoka hapa wakamhamishia Mbeya. Jumanne asubuhi nilikuta ukuta wa mama umeandikwa kwa mkaa: 1, 2, na chini yake 3 kubwa imezungushiwa duara. Nimeisugua kwa maji na sabuni lakini alama bado ipo.

Nilikwenda kwa Nkuba mwenyewe. Wewe unamjua, walikuja kutoka Usukumani na ng'ombe tukiwa wadogo, na baba yake alitusaidia kuchimba kaburi la Tadeo. Hakunifokea. Alinipa kiti, akaniambia hivi, nayaandika alivyoyasema:

"Dada Matilda, mi ni mtu mzima, nina ng'ombe arobaini. Lakini nikimsikia mama yako pale darajani, nageuza njia. Nilikuwa na miaka nane. Lile jini lilikuwa linasema hivyohivyo, wa kwanza, wa pili, wa tatu yuko wapi, na lilikuwa na bakuli mkononi. Sasa niambie. Ile filamu imetoka ng'ambo huko. Mama yako hajafika hata Dodoma, na kibandani kwa Sosthenes hajawahi kukanyaga, kila mtu anajua. Hayo maneno kayatoa wapi?"

Nikamwambia pengine Liberatus aliongeza chumvi. Akatikisa kichwa. "Mtafsiri haongezi neno. Liberatus alikuwa anasema kilichosemwa." Ukianzia pale anapoanzia yeye, hesabu yake haina kosa.

Basi nikaenda kwa Sosthenes. Siku hizi ana mashine ya kukoboa mpunga, lakini deki yake bado ipo stoo na mikanda imejaa sanduku la bati. Akautafuta, akaupata, hauna hata jina. Tukakaa mimi na yeye mchana kweupe, tukauangalia.

Ni jitu refu lenye koti la mvua. Linatembea kwenye matete, limeshika bakuli, linawagusa watoto vichwani. Usoni limevaa gunia, limefungwa kamba shingoni. Nikasubiri liseme. Mkanda ukaisha. Halisemi neno hata moja, kaka. Halina hata mdomo.

Nikamgeukia Sosthenes. Akacheka, halafu alipoona uso wangu akaacha. Akasema, "Ah, mdomo alipewaga na kaka yako. Hapo ndo alikuwa anawamaliza watu. Anauliza wa tatu yuko wapi, na kibanda kizima wanajibu, ameshakula! Usipojibu unaliwa wewe. Jumapili zote walikuwa wanautaka huo huo."

Ameshakula. Sikuelewa kitu. Lakini wa kwanza, wa pili, wa tatu, hayo nimeyaelewa. Yalikuwa ya mama kabla hayajawa ya zimwi, na aliyeyatoa nyumbani akayapeleka kibandani ni wewe. Ulisema hulikumbuki, ukasema ni la Chimala, halafu mwisho wa barua ukaniambia nifiche sahani. Mtu asiyekumbuka zimwi na bakuli lake, sahani inamtisha nini?

Jumamosi tarehe 22, saa kumi jioni, Aroni mwenyekiti wetu wa kitongoji ameitisha mkutano uwanja wa mashine. Agenda ni mama. Jirani yake Kalinga na wenzake wanataka ahame kabla ya mavuno, wanasema asipohama wao "hawatahusika na litakalotokea". Unajua maana ya maneno hayo. Kaburi la Tadeo liko nyuma ya nyumba ile. Ukimtoa pale utakuwa umemmaliza hata kama hakuna atakayemgusa.

Niandikie ukweli, au usiandike kabisa.

Matilda


Kilolo,
Jumatano, 12 Machi 2025

Matilda, mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara nne. Wifi yako anadhani naandaa mahubiri.

Uliposafirishwa kwenda Iyunga nilibaki mimi, marehemu baba na mama. Kila jioni mama alikuwa anapakua sahani tatu za watoto. Ya kwanza yangu. Ya pili yako, nayo alikuwa anasema, "Huyu yuko kwa shangazi yake," anairudisha. Ya tatu ile ya bluu, ya Tadeo. Hapo alikuwa anasimama na upawa mkononi, anauliza. Baba alikuwa anatoka nje. Alikuwa anatoka kila siku, sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Nilikuwa nabaki mimi na swali. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Jioni moja nilichoka. Nikasema tu, "Ameshakula, mama." Sikupanga. Akaniangalia, akasema, "Basi vizuri." Akafunika sufuria, akaenda kulala, na usiku ule hakulia. Kesho yake akauliza tena, nikajibu tena. Nilimdanganya mama kila jioni kwa mwaka mzima, na ndivyo nyumba yetu ilivyolala.

Halafu ukaja mkanda ule. Nilikuwa nimeshika maikrofoni, watu wamejaa, jitu linatembea kwenye matete na bakuli lake na halisemi kitu. Dakika moja, mbili. Watoto wakaanza kupiga miluzi, "Mtafsiri, umelala?" Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikalitolea sauti ya chini, ya pumzi, nikasema maneno ya mama. Miluzi ikakatika. Kisha watoto wakapiga kelele, na Matilda, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipata nafuu. Maneno yale yalikuwa yananikaba nyumbani kila jioni, na pale ghafla yakawa ya zimwi, ya Wachina, ya kila mtu isipokuwa sisi. Nikawafundisha na jibu. Watoto mia wakawa wananijibia lile nililokuwa najibu peke yangu.

Mwaka 2000 nikaondoka kuja chuo cha Biblia. Nilifunga sanduku, nikaaga, nikapanda gari. Sikumwachia mama mtu wa kumjibu. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko hata habari ya video.

Sasa umeujua ukweli. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, isome barua hii kwenye mkutano, nimeweka sahihi na muhuri wa usharika ili wasibishe. La pili, hakikisha mama hayupo ikisomwa. Siwezi kuja. Nimekaa hapa miaka kumi na tisa nikiwaambia watu waache uongo. Lakini hata hilo ningelimeza. Nisichoweza ni kusimama mbele ya mama ajue kwamba msiba wake niliugeuza sinema ya Jumapili.

Nisamehe kama unaweza.

Kaka yako,
Liberatus


Rujewa,
Jumapili, 16 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma. Nimelia, nimemaliza, nimeosha uso, sasa nakujibu haraka kwa sababu Isakwisa anaondoka alfajiri.

Sitaisoma mkutanoni. Kalinga atasema nimeiandika mimi, na muhuri hata vijana wa stendi wanachonga. Na hata wakiamini ni yako, haitasaidia. Nkuba hakutishwa na karatasi. Alitishwa na sauti akiwa na miaka nane, kaka, na barua yako haina sauti. Mwenye sauti ile ni mtu mmoja tu duniani na yuko Kilolo anapaua kanisa.

Hali hapa si nzuri. Juzi bati la mama lilipigwa mawe mchana, wakati watu wako mashambani. Nimehamia kwake na cherehani yangu. Nimeficha sahani kama ulivyoagiza, akaitafuta asubuhi nzima, mwishoni akatoka na mfuniko wa sufuria. Mbuke bado yuko Mbeya na habari zake zinakuja nusunusu. Leo kanisani benchi letu tulikaa wawili, na lilikuwa benchi la watu saba.

Unasema huwezi kusimama mbele ya mama. Yeye amesimama mbele ya watu miezi miwili sasa kwa ajili ya maneno uliyomchukulia. Na nakuambia wazi, simtoi mkutanoni. Ni nyumba yake wanayoijadili, na nikimwacha peke yake ndani sijui nitakuta nini.

Jumamosi, saa kumi, uwanja wa mashine. Kiti chako nitakiweka. Usipokuja nitakaa nacho kitupu, na baada ya hapo tusiandikiane tena.

Matilda


Rujewa,
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwa kaka yangu Liberatus,

Kamwene, kaka. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Ulifika salama? Nimesubiri wiki nzima neno lako, hata la kusema umefika, sikupata. Isakwisa ndiye aliyeniambia alikukuta stendi alfajiri yake akakubeba mpaka Iringa.

Uliondoka kabla mambo hayajaisha, kwa hiyo nakuandikia yaliyobaki.

Kwanza uliyoyaona wewe, lakini kwa macho yangu. Kalinga alikuwa amesimama, anasema mama apewe wiki mbili. Watu wanaitikia. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama upande mmoja na kiti kitupu upande wa pili. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Nilikuwa nimeshahesabu hatua za kutoka pale mpaka kituo cha polisi. Ndipo nikaona mtu mwenye koti la suti anapita katikati ya watu, anachukua kipaza sauti mkononi mwa Aroni bila hata kuomba. Umenenepa, kaka. Sikukutambua mara moja.

Hukusalimia. Ulikiweka kipaza sauti karibu kabisa na midomo ukasema, "Wa kwanza. Wa pili." Kaka, mimi sikuwahi kulisikia zimwi lile. Nililisikia siku ile, saa kumi jioni, jua linawaka, na nikamvuta mama karibu yangu. Niliwaangalia watu. Wanaume wenye pikipiki, wenye trekta, walirudi nyuma hatua moja wote kwa pamoja. Nkuba alikuwa ameshika nguzo ya mashine. Kalinga alikaa chini.

Halafu ukasema kwa sauti yako mwenyewe. "Zimwi ni mimi. Lile la kwenye mkanda lilikuwa bubu. Maneno ni ya mama yangu, alikuwa anamtafuta mdogo wangu Tadeo jioni akipakua chakula, nami nikayaiba nikawatishia. Mama yangu hakuyatoa kwenye video. Video iliyatoa kwake." Ulisema hivyo bila kutetemeka, na mimi nilijivuna, nakuambia kweli.

Ndipo mama akasimama na mfuniko wake, akaanza kuja kwako. Wewe ukamwona, ukakiacha kipaza sauti kwenye meza, ukageuka. Nilikuita. Ulipanda bodaboda ya kwanza uliyoikuta, ukaenda stendi. Uliweza kuwakabili watu mia nne, ukamkimbia mwanamke mmoja wa miaka sabini na sita.

Haya sasa, sikiliza ulichokikimbia.

Mama alifika pale ulipokuwa umesimama, akakuta hakuna mtu. Akatuangalia sisi. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, kikamchukua vizuri. "Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu yuko wapi?" Mama akauliza tena, na safari hii aliuliza kama mtu aliyechoka.

Kutoka nyuma kabisa, Nkuba akasema, "Ameshakula, mama."

Alisema taratibu, kofia mkononi. Baada yake akasema mama mmoja muuza vitumbua, kisha vijana wa mashine, kisha wote wale wa umri wetu waliokaa kwenye magogo kwa Sosthenes. Hawakupiga kelele kama walivyofundishwa. Walisema kama mtu anavyomjibu mama yake jikoni. Ameshakula.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Basi vizuri," akasema. Akauweka ule mfuniko juu ya meza ya Aroni, juu ya daftari la mahudhurio, kama anafunika sufuria. Akaniambia twende nyumbani, miguu inamuuma.

Aroni hakupigisha kura. Watu waliondoka wenyewe, wengine hawaniangalii. Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Kalinga haamini mpaka leo. Anasema tulipanga wewe na mimi, na watoto wake wanazunguka njia ya juu wasipite darajani. Alama ya mkaa bado inaonekana mvua ikinyesha. Mchungaji amesema atakuja, hajaja. Lakini Nkuba alituma vijana wake wakapiga misumari upya bati lililopigwa mawe. Mbuke amerudi Alhamisi, alikuwa na malaria iliyopanda kichwani, amekonda ila anaongea kama kasuku. Ijumaa baba yake alimleta mwenyewe kwa mama, akamsukuma mbele kidogo, akamwambia, "Mwambie bibi." Mtoto akasema, "Ameshakula, bibi." Mama akamgusa kichwa, akampa kipande cha muwa. Nkuba alikuwa amefumba macho muda wote huo, nilimwona.

Nimemrudishia sahani ya bluu. Asubuhi bado anakwenda darajani, mimi simfuati tena. Watoto wanamjibu wanapita, naye anarudi kabla chai haijapoa.

Lakini kaka, kuna jambo jana jioni. Nilipika ugali na majani ya maboga, nikamwachia upawa apakue mwenyewe kama zamani. Sahani ya bluu akaigeuza chini juu, akaiweka pembeni. Hakuuliza. Akanigusa kichwani, akasema, "Wa pili." Halafu akabaki ameshika sahani nyingine, anaangalia mlango.

"Wa kwanza yuko wapi?" akaniuliza. "Alikuwepo pale uwanjani. Nilimsikia. Mbona ameondoka na njaa?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu tayari, lile lako. Nikalimeza. Hujala. Ulifika kwenu baada ya miaka sita ukaondoka hata maji hujanywa, na mimi kumdanganya mama kama ulivyomdanganya wewe sitaanza.

Nikamwambia yuko njiani. Kwa hiyo sahani yako iko mezani, na jana sufuria halikufunikwa. Leo nalo halijafunikwa. Basi la kutoka Iringa linapita hapa saa saba mchana.

Mdogo wako,
Matilda